Fundi Sikosei na Punda wa Yeronimo

Kuna watu wanaotafuta miwani huku wameivaa, na hao tunawasamehe. Lakini mzee wetu huyu, fundi seremala, alikuwa akitafuta penseli kila asubuhi ya Mungu, penseli iko nyuma ya sikio lake la kulia, na bado anaapa kwamba mkewe ndiye aliyeihamisha. Mke habishi. Ananyoosha mkono, anaichomoa, anamkabidhi, anarudi kwenye sufuria zake. Na mzee, badala ya kusema asante, anasema, "Ningeiona tu. Mimi sikosei."

Ndiyo maana mtaa mzima ukambatiza Fundi Sikosei. Na tusimwonee, kazi yake ilikuwa safi. Milango yake ilifunga bila kelele, na droo zake ungeweza kuzivuta kwa kidole kimoja. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni benchi lake mwenyewe la kazi. Alilitengeneza kwa mikono yake miaka thelathini iliyopita, na tangu siku ya kwanza likawa linacheza. Ukiegemea kona hii, kona ile inainuka.

"Sakafu hii," Fundi alisema. "Sakafu imekaa vibaya."

Sakafu ikasakafiwa upya. Ikasakafiwa tena mara ya pili. Benchi likaendelea kucheza.

"Mafundi saruji wa siku hizi!" Fundi alisema, akatikisa kichwa kwa huzuni.

Sasa, mwaka ule sista aliyefundisha watoto wadogo kanisani alihamishwa. Padri alizunguka kwa watu watano, wote wakamwambia wana shughuli. Akafika karakana akiwa hoi, akakaa juu ya rundo la mbao.

"Fundi, nisaidie. Ni saa moja tu, Jumapili baada ya misa."

"Padri, mimi kufundisha sijui. Najua mbao."

"Basi wafundishe kwa mbao."

Padri alidhani ametania. Loo! Baada ya wiki mbili Fundi alimpelekea kisanduku chenye kifuniko na ndoano ndogo ya shaba. Ndani yake, kila kimoja kwenye shimo lake lililochongwa kwa kipimo, walilala Mtakatifu Yeronimo na kitabu chake kikubwa, simba mwenye manyoya unayoweza kuyahesabu, watawa watatu wanene, ngamia wawili, mfanyabiashara mmoja mwizi mwenye masharubu, na punda. Punda yule alikuwa na masikio marefu na uso wa mtu aliyeambiwa leo kazi ya kesho. Padri alicheka mpaka akavua miwani.

Watoto walikuwa kumi na wawili, wa miaka minne hadi sita, na siku ya kwanza tu wakaanza kumwita Babu. Fundi akawaeleza utaratibu, maana mtu wa vipimo haanzi bila utaratibu.

"Sikilizeni. Habari za watakatifu zina mbao na zina vanishi. Mbao ni maisha yao, yale tunayoyajua kabisa. Vanishi ni masimulizi ambayo watu wamepaka juu yake mwaka baada ya mwaka, kwa sababu waliwapenda. Vanishi si uongo. Ila usije ukajenga nyumba kwa vanishi."

"Sawa Babu," wakaitikia wote, na sidhani kama walielewa hata wawili.

Akaanza na mbao. Yeronimo alikuwa mtu wa vitabu. Aliyachukua Maandiko Matakatifu na kuyatia katika Kilatini walichokuwa wakisema watu wa kawaida wa upande wake, ili wasibaki wakikodoa macho. Alihamia Bethlehemu, akakaa huko na watawa wenzake, akaandika mpaka macho yakachoka. Na alikuwa na hasira, jamani. Akikasirika na mtu alimwandikia barua ya kumchoma moyo, na hata marafiki zake hawakupona.

"Alikuwa mkali kama wewe?" akauliza msichana mmoja wa mbele.

"Mimi si mkali."

Darasa zima likamkodolea macho. Hata yule mdogo kuliko wote, waliyemwita Kibonge, alichomoa kidole gumba mdomoni ili amtazame Babu vizuri.

"Kama alikuwa na hasira, amefikaje mbinguni?" msichana akaendelea.

"Kwa sababu alijua kuomba radhi," Fundi akajibu upesi, maana ndilo jibu lililokuwa karibu. Akalipita kama mtu anavyopita kibanda asiponunua kitu.

Msichana huyo alikuwa binti wa msusi, mwenye saluni ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana. Alikuwa na miaka sita, na maswali yake yalikuwa mengi kuliko meno, kwani mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka. Watu walimwita Chiriku. Mama yake alikuwa akisuka wateja huku akijibu kwa nini nywele haziumi zikikatwa, na kama samaki anakunywa maji au anayavumilia tu.

Jumapili ya pili Fundi akafungua vanishi. Akawasimulia jinsi simba alivyoingia kwa watawa akichechemea, watawa wakatimua mbio, mmoja akaacha kiatu. Yeronimo peke yake akabaki, akamkaribisha kama mgeni, akamwosha mguu, akamtoa mwiba. Simba akakataa kuondoka. Basi akapewa kazi, kwa sababu pale hakuna aliyekula bure: kila siku ampeleke punda malishoni na kumlinda.

"Na mimi nipe kazi," Chiriku akasema.

Fundi akamtazama. Tuseme ukweli, alikuwa amempenda mtoto huyu, ila asingelitamka hilo hata kwa kufinywa. Akamfanya mlinzi wa kisanduku. Kila Jumapili asubuhi atakuja karakana kukichukua, atakibeba hadi kanisani, na hakuna wa kukifungua ila Babu. Chiriku alikula kiapo kwa mikono miwili. Halafu akaomba alale na punda usiku mmoja tu, kwa sababu punda alionekana mpweke. Fundi akakataa.

Jumapili ya tatu Chiriku akaja amesukwa vizuri, amevaa soksi nyeupe, akabeba kisanduku kama amebeba mayai. Darasani Fundi akafungua ndoano, akainua kifuniko. Shimo la punda lilikuwa tupu.

"Punda yuko wapi?"

Watoto wakanyoosha shingo. Chiriku akachungulia, macho yakamtoka.

"Sijui, Babu. Sikufungua."

"Kisanduku nilikifunga mimi, na mimi sikosei. Kutoka mikononi mwangu hadi hapa kimepita mikononi mwako tu." Uso ulikuwa umemkunjamana. "Na ni nani aliyetaka kulala na punda?"

Hakutamka neno mwizi, na hakukuwa na haja. Vichwa kumi na kimoja viligeuka pamoja. Chiriku alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema hakikutoka kitu. Akashuka kwenye benchi, akavuta soksi yake moja juu, akatoka nje.

Fundi alijikaza, akaendelea. Alihitaji kitu cha kusimama badala ya punda, akaanza kujipapasa mifuko akitafuta penseli, mpaka Kibonge akamwonyesha sikio. Penseli ikawa punda. Simba akalala usingizi malishoni, wafanyabiashara wakapita na ngamia wao, wakamwona penseli hana mtu, wakamchukua. Simba alipoamka akatafuta kila mahali. Jioni akarudi peke yake, kichwa chini. Watawa wakamzunguka, wakasema, "Umemla!"

"Walimwona akimla?" Kibonge akauliza.

"Hapana."

"Sasa walijuaje?"

"Waliona punda hayupo na simba yupo. Wakamwambia abebe yeye kuni za punda."

Kibonge akanyonya kidole, akafikiri.

"Kama Chiriku," akasema.

Fundi akafunga kisanduku. "Saa imekwisha," akasema. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini.

Kufikia Jumanne mtaa mzima ulikuwa na habari. Watoto wakubwa, wale ambao hata darasani hawakuwamo, wakipita mbele ya saluni walipiga kelele, "Mla punda! Mla punda!" Msusi akavuka barabara mara mbili kwenda dukani bila kugeuza shingo upande wa karakana, yeye ambaye shikamoo yake kwa Fundi ilikuwa haikosi asubuhi na jioni.

Mke wa Fundi ndiye aliyeleta habari iliyouma zaidi. Alikuwa amekwenda kusukwa.

"Yule mtoto hasemi," alisema, akiweka sahani mezani. "Mama yake ananiambia tangu Jumapili hajamuuliza swali hata moja. Anakaa chini ya meza anapanga rola za nywele. Na amesema kanisani harudi tena."

"Akimrudisha punda, yataisha."

"Na kama hanaye?"

"Mke wangu, kisanduku nilikifunga mimi."

"Haya," akasema mkewe, na haya ile ilikuwa nzito kuliko sahani. Fundi alikula matonge mawili, akaosha mikono.

Ijumaa mchana, kwa mara ya kwanza wiki ile, alirudi kwenye benchi, akaweka mlango wa mteja juu yake, akaanza kupiga randa. Akapiga upande huu, akahamia upande ule. Maranda yakawa yanamwagika miguuni. Alikuwa na mawazo ya kuchonga punda mwingine, mwenye masikio mafupi kidogo ili asikumbushe mambo. Randa ikateleza vizuri, vizuri mno. Akasimama. Akaegemea kona hii. Kona ile haikuinuka. Akaegemea kwa kishindo. Benchi lilikuwa limetulia tuli, kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini.

Fundi akaiweka randa chini. Akapiga magoti, akafukua maranda kwa mkono. Chini ya mguu wa nyuma wa benchi, amebanwa hasa, alikuwapo punda, masikio yamechomoza nje.

Na hapo yote yakamrudia. Wiki iliyopita aliwatoa wanyama wote kuwapaka vanishi mkono wa pili. Jumamosi, vanishi ikiwa imekauka, mteja mmoja akaingia mbio na kiti kilichovunjika. Benchi likacheza, patasi ikateleza ikamkosa kidole padogo tu. Kwa hasira akapeleka mkono nyuma bila kutazama, akashika kipande cha mbao kilichokuwa karibu, akakisukumiza chini ya mguu, akakigongea nyundo mara mbili. Baadaye akawarudisha wanyama kisandukuni, akatia ndoano. Hakuwahesabu. Kuhesabu ni kwa wanaokosea.

Mkewe alimkuta bado yuko sakafuni. "Mzee! Umeanguka?"

"Nimeanguka," Fundi akasema, akamwonyesha punda.

Mke akamtazama punda, akatazama mguu wa benchi, akakaa juu ya kigoda. Kicheko kikampanda, akacheka mpaka akajishika mbavu, machozi yakamtoka. Kisha kikakatika ghafla. "Masikini, mtoto wa watu!"

"Nitamrudisha kisandukuni," Fundi akasema, bila kumtazama. "Kimyakimya. Nitasema tu nimempata."

"Umempata wapi?"

"Mahali."

"Ulimwaibisha mbele ya watoto kumi na mmoja, Mzee. Sasa utamsafisha mahali?"

Fundi alimfuta punda maranda ya puani kwa kidole.

"Neno lenyewe ni moja," mkewe akasema, safari hii taratibu. "Nimekosea. Hebu liseme nilisikie."

"Nime..." Akakohoa. "Vumbi la mbao hili."

"Lina miaka mingi humo kifuani. Lazima litoke na vumbi."

Jioni nzima alijifungia karakana. Mkewe akipita dirishani alimsikia akiuambia mlango wa mteja, "Nimekosea." Akaliambia kabati. Akaiambia misumari. Aibu ilimla, lakini zaidi ya aibu alimwona mtoto yule akivuta soksi yake juu.

Jumamosi saluni ilikuwa imejaa. Fundi aliingia akiwa na aproni yake ya kazi, akainama mlangoni ingawa mlango ulikuwa mrefu wa kutosha. Msusi hakusema shikamoo. Alikuwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa, nusu bado.

"Hapa ni saluni ya wanawake, Fundi. Ndevu wananyoa mlango wa pili."

"Najua, binti yangu. Nimekuja kwa mwanao."

"Mwanangu hana cha kukurudishia."

"Najua. Mimi ndiye ninacho."

Chiriku alikuwa chini ya meza na rola zake, nyekundu huku, bluu kule. Fundi akapiga magoti, yakalia yote mawili. Akamtoa punda mfukoni, akamweka sakafuni kati yao. Kisha akageuza kichwa.

"Ule mlango wa barabarani uko wazi?"

"Uko wazi," akajibu mteja mmoja.

"Ufungueni wote. Nataka na wale wapiga kelele wa nje wasikie."

Akavuta pumzi, akatoa ile sauti yake ya kuita lori la mbao. "NIMEKOSEA!"

Mteja wa nusu kichwa akashika moyo. Nje, mpira uliokuwa ukipigwa ukaacha kupigwa.

"Huyu mtoto hakuchukua kitu! Punda nilimgongea mwenyewe chini ya benchi langu, kwa nyundo yangu, nikasahau, nikamsingizia yeye! Nimekosea mimi, na simsingizii mtu mwingine!" Sauti ikamwishia. Akamwinamia Chiriku, akasema kwa kunong'ona, "Nisamehe, mjukuu wangu. Uliuchunga mzigo wako vizuri. Mimi ndiye sikuuchunga mdomo wangu."

Chiriku alimchukua punda, akampuliza masikio, akamgeuza tumbo juu.

"Alikuwa chini ya benchi siku zote?"

"Siku zote."

"Analishikilia benchi lote?"

"Lote."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Alikuwa anapumuaje? Na mbona hakulia? Na benchi lina kilo ngapi? Na kwa nini benchi lako ni bovu wakati wewe ni fundi?"

Msusi aliweka chanuo chini. Mikono ilikuwa imejaa mafuta ya nywele, basi akajifuta macho kwa kiwiko, huku anacheka. Saluni nzima ikacheka naye, na Fundi, Mungu ni shahidi, akasema mbele ya wateja wanne kwamba mguu mmoja wa benchi ulikuwa mfupi tangu mwanzo na sakafu haikuwa na kosa lolote.

Chiriku akatoka chini ya meza. Alikuwa na jambo la mwisho, na alilisema akiwa amesimama, mikono kiunoni.

"Simba alibebeshwa kazi ya punda na hakuwa na kosa. Wewe una kosa. Utabeba nini?"

"Sema wewe."

"Utatubeba sisi."

Jumapili baada ya misa, Padri alitoka mbio kuelekea getini akidhani mzee ameanguka. Mzee alikuwa hajaanguka. Alikuwa kwa magoti na viganja, suruali ya Jumapili imeshika vumbi hadi mapajani, na Kibonge mgongoni amemshika masikio. Toka getini hadi mlango wa darasa alikwenda na kurudi mara kumi na moja, waumini wamejipanga pande zote wanapiga makofi na vigelegele. Mkewe alikuwa amepewa koti na miwani kushika, na alicheka mpaka akaviangusha vyote viwili. Chiriku peke yake hakupanda. Alitembea kando, mkono wake juu ya bega la Babu, kila safari, kwenda na kurudi.

"Panda basi, mlinzi," Fundi akamwambia, anahema.

"Mlinzi hapandi," Chiriku akajibu. "Analinda."

Darasani, Babu akiwa amejinyoosha kwenye benchi hoi, ikabidi mwisho wa habari asimulie Chiriku. Akawapanga wanyama mezani. Punda, sikio moja limebonyea kwa nyundo, alikuwa mbele. Simba anabeba kuni kila siku bila kulalamika. Siku moja anaona vumbi kwa mbali. Ni wafanyabiashara wanarudi, ngamia nyuma, na anayewaongoza ni nani? Punda! Simba akanguruma, na watoto kumi na wawili wakanguruma, mpaka kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi kanisani ikanyamaza. Wezi wakatimua mbio. Simba akawaswaga ngamia wote hadi mlangoni kwa Yeronimo, punda katangulia.

"Watawa wakatoka nje," Chiriku akasema, "wakamwona punda. Wakamwambia simba, 'Tumekosea.'"

Fundi akainua kichwa. Katika masimulizi aliyoyasikia tangu utoto wake, wezi ndio waliorudi wakaomba msamaha. Watawa walimwambia nini simba, hakuna aliyewahi kumsimulia.

Kibonge akachomoa kidole mdomoni. "Babu, hiyo ni mbao au vanishi?"

Fundi alimtazama Chiriku, aliyekuwa anamsubiri ajibu, mapengo yote mawili wazi.

"Hiyo," akasema, "hiyo ni mbao."

Halafu Chiriku akaanza kuwarudisha wanyama kisandukuni, akiwahesabu kwa sauti mmoja mmoja, na Babu akakaa akasubiri mpaka akamaliza.